Bendi ya rock, shoo tatu za wikiendi Mwanza: watu wanalipa, hela inaishia kwa mwenye vyombo

Mkung'uta Besi (mleta mada)

Wakuu, kwema? Uzi huu ni mrefu. Asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Sisi ni vijana wanne wa hapa Mwanza, tunapiga rock. Ndiyo, rock ya magitaa yenye mikwaruzo, si Bongo Fleva wala singeli. Mimi niko kwenye besi, jamaa mmoja solo, mwingine drams, na dada anayeimba ndiye huyohuyo anayeshika gitaa la ridhimu. Wikiendi iliyopita tulibahatika shoo tatu mfululizo: Ijumaa Nyegezi, Jumamosi Luchelele, Jumapili tukavuka daraja kwenda Sengerema. Naandika kwa sababu humu kila mara kuna kijana anauliza kama bendi changa inaweza kula kwa muziki wa jukwaani huku kanda ya ziwa. Jibu langu ni kwamba watu wapo na mlangoni wanalipa. Ila hiyo hela mnaishika kwa muda tu, usiku huohuo inakwenda kwa mwenye vyombo.

Ijumaa. Baa siitaji jina. Makubaliano: kiingilio chetu, vinywaji na jikoni vya mwenye baa, kama zinavyopiga bendi za dansi miaka yote. Kiingilio buku tatu. Mlangoni tukamweka mama mdogo wa mwimbaji wetu. Kwao walikubali binti apige usiku kwa sharti kwamba mama mdogo awepo, sisi tukaona kuliko akae kwenye kiti anasinzia, bora ashike kibegi cha hela. Wakuu, yule mama ni hatari. Alimtoza mpaka shemeji wa mwenye baa.

Vyombo ni vya kukodi: maspika, mikisa, maiki, amplifaya za magitaa. Vya kwetu ni magitaa na drams za mtumba ambazo toazi moja lina ufa. Kodi ni laki na themanini kwa shoo, pamoja na kijana wa kuviendesha ambaye anakula na kunywa juu yenu. Ongeza kirikuu ya kubebea.

Wateja wengi walikuwa watu wazima waliokuja kula sato na kuangalia mpira. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, unasikia vijiko tu. Baada ya wa tatu mzee mmoja akapaza sauti, "Wanangu mnapiga vizuri, lakini sebene linaingia saa ngapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Hapo ndipo nilipomvulia kofia mtu wetu wa solo. Hakununa. Alizima mkwaruzo, akapanda juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, akaanza kuzungusha zile nyuzi nyembamba. Drams wakamfuata, mimi nikaganda kwenye noti mbili. Wimbo haukubadilika, ni wetu uleule, tuliuvuta tu pale katikati mpaka ukakaribia robo saa. Meza ya wazee ikainuka yote. Mmoja akaja kutuza, akambandika mpiga drams noti ya elfu tano kwenye paji la uso, ikanata kwa jasho mpaka wimbo ukaisha.

Balaa la Ijumaa lilikuwa shoti. Kila dada akigusa maiki kwa midomo huku kashika gitaa, anapigwa mpaka machozi yanamtoka. Kijana wa vyombo anasema "hiyo kawaida". Nusu ya shoo aliimba maiki ikiwa imevalishwa soksi yangu.

Hesabu: waliolipa 72, ikawa 216,000. Toa vyombo 180,000, toa kirikuu 25,000. Tulibaki na 11,000 na zile za kutuzwa. Tukala chipsi mayai, tukalala.

Jumamosi inakuja, ngoja nipate chai.

Samaki Mbichi

Nimeshavuta kigoda. Bila picha hii nayo ni chai, ila endelea.

Ngosha wa Magu

Rock Mwanza? Nyie watoto wa kishua wa Capri Point mna shida sana. Watu wanataka muziki wa kucheza, hizo kelele wapelekeeni wazungu wenyewe.

Mkung'uta Besi

Mkuu, Capri Point naijua kwa kupita. Mimi wa Igoma, solo wa Mabatini. Amplifaya tunakodi, ungekuwa mtoto wa Capri Point ungekodi?

Binti Pasiansi

Ngosha, Freddie Mercury wa Queen kazaliwa Zanzibar mwaka 1946. Acha kuwagawia wazungu kila kitu.

Ngosha wa Magu

Kazaliwa Zanzibar, kaimbia London. Hela alikula wapi?

Fundi wa Buzuruga

Mimi nipo kwenye shoti, hapo sicheki. Watu wameshakufa jukwaani kwa mchezo huo.

Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya, yaani lile gamba lake la chuma, kupitia kebo. Kichwa cha maiki kimeungana na bodi ya mikisa. Sasa amplifaya umeichomeka soketi ya ukuta huu, mikisa ukuta ule, na mojawapo ethi yake, ule waya wa kwenda ardhini, imekatika au haikuwahi kuwepo. Bodi mbili zinakuwa na umeme usiolingana, na anayekuja kuziunganisha ni mwimbaji, mkono huku mdomo kule. Soksi inazuia midomo isiguse chuma, ugonjwa unabaki palepale. Chomeka vyote kwenye chanzo kimoja, ekstensheni moja nzito yenye pini zote tatu. Halafu kabla ya shoo chukua mita, pima kati ya kichwa cha maiki na nyuzi za gitaa. Ikisoma zaidi ya volti chache hakuna kupiga mpaka mjue inatoka wapi. Na mkimwona mtu anakata pini ya ethi eti mvumo uishe, mfukuzeni siku hiyohiyo. Umeme wetu ni volti 230, hauna utani.

Mkung'uta Besi

Fundi, ubarikiwe. Hiyo naiprinti.

Jumamosi, Luchelele. Ufukweni, jukwaa la mbao, kiingilio buku mbili. Chuo cha Mtakatifu Augustino kiko hapo Malimbe, kwa hiyo wateja wetu wakubwa walikuwa wanafunzi, wengi wamekuja kwa miguu. Hakuna aliyeulizia sebene. Wimbo wa kwanza tu wameshavua viatu wanaruka nao mkononi, mchanga unapanda mpaka kwenye mikisa. Nyimbo mbili walikuwa wanaziimba neno kwa neno kutuzidi sisi, maana tulizirekodi kwa simu mazoezini zikaingia kwenye magrupu yao ya WhatsApp.

Mida ya saa mbili taa za jukwaa zimewaka, wakaja wale wadudu wa ziwani. Wenyeji mnawajua, wale wanaonyanyuka majini wingu zima, ukiwa mbali unadhani ni moshi. Wanafuata taa. Dada akafungua mdomo kwenye kiitikio, akaufunga haraka, akageukia pembeni akatema, akaendelea na ubeti wa pili. Kila sneya ikipigwa wadudu wanaruka juu ya ngozi. Mwenye eneo akatuambia mwezi ukiandama ndiyo huwa hivi, angejua tunaleta mataa yote hayo angetupa tarehe nyingine. Tukazima taa zote za mbele, tukatundika balbu moja mbali kwenye mwembe, wakahamia huko. Tukapiga gizani. Sijui kama nimewahi kupiga vizuri vile.

Saa nne na ushee akaja mwenyekiti wa mtaa na mgambo. Kibali cha afisa utamaduni tunacho, BASATA, baraza la sanaa, tumejisajili. Lakini watu wa ng'ambo ya ghuba walikuwa wanapiga simu kwamba hawalali. Cha ajabu nyumba za nyuma yetu, hatua chache tu, hazijasema kitu. Tukashusha sauti, tukamaliza saa tano kama kibali kinavyosema.

Waliolipa 160, jumla 320,000. Vyombo 180,000, kirikuu 30,000, mwenye eneo 50,000 za umeme na usafi. Ikabaki 60,000. Mimi nagawa kwa nne, mama mdogo ananiangalia tu. Nikagawa kwa tano.

Kijiwe cha Igoma

Mama mdogo ndiye nyota wa uzi huu.

Fundi wa Buzuruga

Hilo la ng'ambo lina sababu zake. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Sauti inayokwenda na upepo inapinda kushuka chini na kufika mbali, inayokwenda kinyume inapinda kwenda juu na kupotea. Juu ya maji hakuna mti, nyumba wala mlima wa kuikata, na maji matulivu hayainyonyi sauti kama nyasi. Nyuma yenu kuna miti na mawe na upepo unawapinga. Kwa hiyo mliwapigia watu wa ng'ambo bure kabisa. Siku nyingine jukwaa mliweke upande wa maji lielekee nchi kavu, watazamaji wawe upande wa juu.

Binti Pasiansi

Nilikuwepo Jumamosi! Kwenye giza mlitisha. Ila besi ilikuwa inazidi, kaka, mpaka kifua kinauma.

Mkung'uta Besi

Dada, hiyo peleka kwa kijana wa vyombo. Mikisa haturuhusiwi kuigusa, na huko ndiko ninakoelekea.

Jumapili, Sengerema. Enzi za kivuko ungekaa foleni Kigongo na mizigo yako mpaka uchoke. Sasa ni Usagara, Kigongo, daraja, Busisi, umefika. Lile daraja la JPM ni kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, na kwa bendi ya mkoani naweza kusema limetuongezea mji mzima wa kupiga. Unakwenda asubuhi, unarudi usiku, hakuna kulipa gesti.

Shoo ilianza saa tisa alasiri, uwanja wa ukumbi mmoja, buku mbili, watoto wamejazana kwenye uzio bure. Watu wa Sengerema walitupokea kuliko Nyegezi, niseme ukweli. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani alisimama mwanzo mpaka mwisho, beseni halikutikisika, miguu inacheza.

Makubaliano na mwenye vyombo: tunaviachia saa kumi na mbili, kwa sababu usiku vina harusi Ilemela. Saa kumi na moja kasoro kijana wake akapokea simu. Hakusema neno. Akaanza na yale maspika madogo yanayoturudishia sauti jukwaani, tukadhani anarekebisha. Akachomoa amplifaya ya besi, nikabaki natekenya nyuzi, hakuna kitu. Akaja solo. Dada anaimba tu, maiki ikafa katikati ya neno. Kikabaki cha kwetu, drams. Jamaa akaendelea kupiga peke yake anatazama kebo zinakunjwa miguuni kwake, mpaka akaona haina maana akaweka vijiti chini.

Watu wakaenda mlangoni kudai chao. Mama mdogo akasimama na kibegi kwapani. "Mmecheza karibu saa mbili. Nani alishakunywa soda nusu akarudishiwa hela ya nusu?" Wakabishana sana, mwishowe akakubali kurudisha buku kwa kila mwenye alama ya peni mkononi. Asiye na alama aliondoka na matusi yake.

Na kodi tukalipa nzima. Tukidai punguzo, wiki ijayo hatupewi, na kwa bei ile hakuna mwingine mjini.

Sasa pigeni hesabu. Siku tatu mwenye vyombo kachukua 540,000 bila kupanda jukwaani. Sisi watano hatujafika laki, na Jumapili tumetia hasara. Bendi ina akiba kidogo. Mtu wa solo anataka tukafanye video ya maana. Mimi nasema tununue vyombo, hata vidogo. Tumenuniana tangu juzi. Toeni ushauri.

Binti Pasiansi

Mimi niko na mtu wa solo. Nani atawaita shoo hajawahi kuwaona? Hao wanafunzi walikuja kwa sababu ya nyimbo kwenye simu, siyo kwa sababu ya spika.

Mkung'uta Besi

Nyimbo zenyewe tulirekodi kwa simu, dada. Hazikutugharimu hata mia.

Mzee wa Solo

Vijana wangu, nimesoma yote, na mmenikumbusha mbali. Nimepiga dansi mpaka vidole vimepata sugu, nami niwaambie kitu. Hili la vyombo halikuanza kwenu. Mnadhani kwa nini bendi zetu zilikuwa na majina ya mashirika? NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo mnaiita Msondo. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya shirika la bima. UDA Jazz ya mabasi. Mlimani Park ilianza 1978, baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar. Shirika linanunua vyombo, mwanamuziki analipwa mshahara kama karani. Ukigombana na uongozi unatoka na mikono yako miwili, gitaa linabaki. Ndiyo maana wanamuziki wa zamani walihamahama sana, walikuwa wanafuata vyombo vizuri. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, nyie wengine ni deiwaka tu.

Na wewe Ngosha unayesema rock ni ya wazungu: miaka ya sabini Dar kulikuwa na Sunburst, kulikuwa na Afro 70 ya Patrick Balisidya, magitaa yanalia mikwaruzo hiyohiyo. Zambia ndiyo usiseme, walikuwa na rock yao mpaka ikapewa jina, zamrock.

Mkung'uta Besi

Shikamoo mzee. Sasa hao waliokuwa na mshahara si walikuwa na nafuu kuliko sisi?

Mzee wa Solo

Marahaba mwanangu. Nafuu ilikuwepo, sikatai. Mwisho wa mwezi unajua utakula. Lakini mashirika yalipoanza kuyumba vyombo vikachakaa, hakuna wa kununua vingine, na sisi hatukuwa tumezoea kununua hata nyuzi. Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe.

Kijiwe cha Igoma

Nunueni vyombo, halafu siku ambazo hampigi mvikodishe. Harusi, send-off, mikutano ya injili, hapa mjini havilali.

Mzee wa Solo

Hapo muwe macho. Nimeona vijana wamenunua vyombo, harusi zikawa nyingi, mazoezi yakafa. Sasa wana spika nzuri na hawana wimbo mpya hata mmoja.

Ngosha wa Magu

Nyie mnajadili spika tu. Nendeni Bujora pale Kisesa mwezi wa sita, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma. Kundi la bagika huku, la bagalu kule, wanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hakuna mwenye vyombo wa kuwachomolea waya. Ngoma ni zao, na kama kuna nyoka, nyoka ni wao.

Mkung'uta Besi

Ngosha leo umenena. Ila gitaa la besi bila umeme halifiki hata meza ya pili.

Fundi wa Buzuruga

Kama ni kununua, msinunue maspika makubwa kwanza. Hapo ndipo vijana wengi wanaishiwa hela. Spika kubwa ni nzito, zinahitaji gari, na ndicho kitu pekee ambacho kumbi nyingi zinacho au unakipata kwa kodi ndogo. Anzeni na mikisa ndogo ya njia 8, maiki mbili za uhakika, kebo nzuri na ile ekstensheni yenye ethi. Hivyo vyote vinaingia kwenye boda mbili. Mkishakuwa na mikisa yenu sauti mnaipanga wenyewe, dada hatalalamika kifua, na mwimbaji hapigwi shoti. Cha pili, amplifaya ya besi. Ya solo inaweza kusubiri, akipata kifaa kizuri cha mkwaruzo anapita moja kwa moja kwenye mikisa. Hatapenda mwanzoni, atazoea. Maspika mtakodi peke yake, na kodi ya spika mbili tupu hailingani na hiyo laki na themanini yenu.

Video fanyeni kwa simu pale pale jukwaani. Wekeni simu karibu na mikisa, sauti iingie kwa waya.

Samaki Mbichi

Fundi, unauza au unashauri?

Fundi wa Buzuruga

Vyote viwili mkuu. Ninayo mikisa imetumika kanisani, haijafunguliwa hata skrubu.

Mkung'uta Besi

Mrejesho, wakuu. Jana tumekaa kikao. Nimewasomea uzi mzima, mtu wa solo aliposikia habari ya kupita kwenye mikisa akatoka nje, akarudi baada ya soda. Amekubali kwa sharti kwamba kifaa cha mkwaruzo achague yeye. Video itakuwa ya simu, tutaanza kwenye shoo ijayo.

Tatizo likawa hela, akiba haifiki hata nusu. Mama mdogo alikuwa jikoni anasikiliza. Akaja akasema yeye atakopa kwenye kikoba chao, tutamrejeshea kila shoo kutoka mlangoni, ambako yeye mwenyewe ndiye anayekaa. Ila mpaka deni liishe, vyombo vitaandikwa jina lake na vitalala kwake.

Kijiwe cha Igoma

Nimecheka mpaka wapangaji wametoka nje.

Mzee wa Solo

Mwanangu, ulikuja kulalamikia mwenye vyombo. Umeshampata mwingine, tena huyu hesabu anazijua. Andikianeni.

Mkung'uta Besi

Ameshaandika, mzee. Karatasi mbili, moja anayo yeye na moja anayo dada yake. Fundi, Jumamosi asubuhi uko dukani? Tunakuja naye, na atataka kuisikia ikiwa imewashwa kabla hajafungua kibegi.